Tangu Nilipoacha Nyama

Kipatimu, Matumbi
20 Julai 1948

Kwa mdogo wangu Apolonia,

Tumsifu Yesu Kristu. Huku kwetu tunaamka na kutembea, tunashukuru. Theresia anakusalimu sana, na watoto pia.

Najua unangoja habari za mumeo. Ignasi alifika kwetu salama tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita, amechoka na lori la kutoka Kilwa, akakaa nasi siku kumi. Kila asubuhi tulikwenda kutazama miti ya mninga aliyoifuata. Siku ya kumi na moja tulikutana barabarani na lori la watu wanaoandikwa kazi kwenye mashamba mapya ya karanga huko Nachingwea. Waliposikia kwamba yeye ni seremala, walimwambia apande palepale, mafundi hawatoshi. Akapanda. Mfuko wake wa vifaa alikuwa nao begani. Alisema atakuandikia akifika. Usiniulize mbona hakurudi kwanza Lindi kukuaga, maana mimi mwenyewe nilimwambia hivyo.

Jambo la pili ni dogo, lakini afadhali ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa wengine. Nimeacha kula nyama. Leo ni siku ya kumi na tatu. Wewe unanijua, mimi ndiye niliyekuwa nikinyonya mfupa mpaka mama ananinyang'anya akampe mbwa. Sasa nakula mbaazi, kisamvu, kunde na ugali wa muhogo. Wiki ya kwanza tumbo lilinguruma kama lori hilo hilo. Theresia anapika vyungu viwili na hafurahi. Ni kujaribu tu. Sijui nitaweza mpaka lini.

Jitunze, na tumbo lako ulitunze.

Ni mimi kaka yako,
Damiani


Mtanda, Lindi
9 Agosti 1948

Kaka Damiani, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikalia, ya tatu nikaifua pamoja na nguo kwa bahati mbaya, ya nne nimeisoma imekauka juani, na maneno ni yale yale.

Nachingwea! Matumbi na Nachingwea wapi na wapi? Mtu anatoka kwake kwenda kununua mbao, anapanda lori kama mzigo. Kaka, nikueleze jambo ambalo sikumwambia mtu. Siku aliyoondoka tuligombana. Nilimwambia mtoto huyu atalala wapi, wewe seremala mzima nyumba yako haina kitanda cha mtoto. Nilimwambia, "Usirudi bila mbao." Alichukua mfuko, akatoka. Sasa nawaza kwamba kauli hiyo ndiyo iliyompandisha lori. Kama alikwambia kitu juu yangu, usinifiche. Nitavumilia.

Na wewe nawe! Umekuwa Banyani? Hapa dukani kwa Jivan nilimweleza mkewe kwamba kaka yangu, mwindaji wa Matumbi, ameacha nyama, akafurahi kama nimemletea harusi. Amenifundisha kupika dengu kwa bizari na kitunguu. Nitakuandikia namna yake. Lakini Kwaresma ilikwisha zamani, kaka. Ni daktari? Ni nadhiri? Au Theresia amekuudhi na wewe unamkomoa?

Maana mimi mwenzako hali yangu ni kinyume. Mtoto huyu anataka nyama asubuhi, mchana na jioni. Nikipita machinjioni naona haya jinsi ninavyoyatazama maini. Kila mwaka mwezi huu ulikuwa ukiniletea kikapu cha nyama kavu. Tafadhali usiache kwa kuwa wewe umeacha. Niletee hata kidogo.

Mdogo wako mwenye njaa,
Apolonia


Kipatimu
2 Septemba 1948

Kwa mdogo wangu Apolonia,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba unakula vizuri.

Ignasi hakuniambia neno lolote baya juu yako. Hata siku moja. Katika siku zile kumi alikutaja kila tulipokaa kula. Alisema unapika wali unaosimama punje punje, akamwambia Theresia mbele yangu kwamba wake haufikii, nikaona wifi yako anatafuta mwiko wa kumpigia. Maneno ya kitanda hakuyasema. Yaondoe moyoni mwako kabisa.

Tena kuna mtu amepita hapa juzi akitoka upande wa Nachingwea, akasema amemwona. Ni mzima. Kazi ni nyingi, wanajenga nyumba za Wazungu mchana kutwa, karatasi na kalamu hana. Ametuma salamu. Anasema usinyanyue vitu vizito, na ndoo ya maji umwachie mtoto wa jirani akubebee.

Nyama kavu sina. Mwaka huu sijawinda. Nakutumia mbaazi pishi mbili, karanga, na uyoga mkavu ambao Theresia aliuokota. Uloweke kwanza, halafu uunge kwa karanga, utautafuna kama nyama. Mimi ndivyo ninavyojidanganya.

Umeniuliza ni daktari au nadhiri. Si daktari. Jirani yetu akichoma nyama, mate yananijaa mdomoni kama mtoto, nainuka naenda shambani mpaka harufu iishe. Nguvu zimepungua kidogo nikipanda kilima. Lakini kunde nimeanza kuzijua ladha. Zamani nilikuwa nakula kunde huku natazama chungu kingine.

Usinyanyue vitu vizito.

Damiani


Mtanda, Lindi
28 Septemba 1948

Kaka yangu, shikamoo, shikamoo tena!

Hujui ulichonifanyia. Salamu zile nimezisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe, naye amekaa akapiga vigelegele peke yake, mwanamke mzee vile. "Usinyanyue vitu vizito." Ni yeye kabisa! Ndivyo anavyosema, hasemi nakupenda, anasema shusha ndoo. Nimemwambia mtoto tumboni, umesikia baba yako? Tangu siku hiyo sijanyanyua kitu. Hata chungu kikijaa namwita mtu.

Kwa hiyo sikukasirikia uyoga wako. Nilitaka nyama, nimepata uyoga, na kweli nimeutafuna nikajidanganya.

Nikaamua na mimi nijaribu. Nilisema wiki nzima bila nyama, nimshukuru Mungu kwa kuwa mume wangu ni mzima, na nikusindikize wewe kaka katika hilo unalolifanya na hutaki kusema. Siku ya kwanza kisamvu cha nazi, sawa. Siku ya pili dengu za mke wa Jivan, sawa. Siku ya tatu kunde. Siku ya nne nilijikuta nimesimama machinjioni na kikapu mkononi, na muuzaji ananiambia, "Mama, maini au figo?" Nikasema vyote. Basi nadhiri yangu imeishia hapo. Wewe siku ya themanini na ngapi sasa? Sijui unazitoa wapi nguvu hizo.

Kunde uzipike hivi. Zichemshe mpaka zipasuke, mwaga maji ya kwanza, tia tui jepesi, chumvi, kitunguu na bilinganya kama unayo. Tui zito tia mwisho, usiache kukoroga, lisije likakatika. Nakutumia nazi sita kwa lori la Kilwa, na ng'onda za papa, maana samaki si nyama. Hata padre anajua hilo.

Mdogo wako mwenye raha,
Apolonia


Kipatimu
24 Oktoba 1948

Kwa wifi yangu Apolonia,

Salamu sana. Mimi si mwandishi, utanisamehe. Damiani hajui kwamba nakuandikia.

Nakuuliza, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuwa hivi? Kaka yako amekonda, mashavu yameingia ndani. Ng'onda ulizotuma alizifungua, akaziona zimepasuliwa na kubanwa mbavu wazi, akazifunga tena, akawapa watu wa jirani. Nilimwambia, "Hao ni samaki, baba, samaki!" Akasema, "Nimeona." Nazi alizikubali.

Gobore lake amelipeleka bomani Kilwa akalirudisha kwa Serikali pamoja na cheti. Nguruwe wanamaliza mihogo yetu, yeye anapiga debe tu kuwafukuza. Watu walimjia kumwomba awasaidie, akawaambia hawezi kuona mbali siku hizi. Wifi, anaona mpaka mlima wa pili.

Wiki iliyopita ilikuwa harusi ya binti wa Brigita. Walichinja mbuzi wawili. Wazee walimkalisha mbele, wakamwekea mnofu, wakamwambia usituaibishe. Nikamwona anaweka kipande mdomoni. Nikashukuru Mungu. Hakutafuna. Alikaa nacho mdomoni, machozi yanamtoka, akainuka akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta ameshika ukuta anatapika. Nikasema, "Mume wangu, umelogwa?" Akasema, "Hapana, mama. Nimeshiba tu."

Wengine wanasema ameingia dini ya Wahindi. Wengine wanasema ana mwanamke pwani aliyemkataza. Mimi sisemi kitu. Lakini kila Jumapili baada ya Misa hapiti njia ya nyumbani, anashuka bondeni kwenye miti ya mninga, anakaa huko mpaka jua lishuke. Nikiuliza anasema anatazama mihogo.

Tafadhali mwandikie. Wewe anakusikia.

Theresia


Mtanda, Lindi
15 Novemba 1948

Kaka Damiani, shikamoo.

Unaumwa, unanificha. Usiniulize nimejuaje. Kama ni kifua au tumbo, njoo Lindi, hospitali ipo, utakaa kwangu, na sitakupikia nyama, naapa. Nitakupikia kunde kila siku mpaka uzichukie.

Kaka, na mimi nina langu. Wiki hii wamepita vijana watatu kutoka Nachingwea wakienda kwao Mchinga. Niliwakalisha, nikawapa chai, nikawauliza juu ya Ignasi seremala, mrefu, ana kovu la patasi kwenye kidole gumba. Wote watatu wamefanya kazi pamoja na maseremala. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, maseremala tunawajua wote. Huyo hayupo." Nikawaambia labda mmesahau. Akasema labda.

Mama mkwe anasema labda amehamia kambi nyingine. Jirani yangu anasema labda ana mke mwingine. Mimi nasema labda bado amekasirika kwa yale maneno yangu. Yule mtu aliyekuletea salamu anaitwa nani? Anakaa wapi? Nipe jina lake tu, mengine nitayatafuta mwenyewe.

Nikishajifungua na kupata nguvu nitambeba mtoto niende Nachingwea. Nitasimama katikati ya mashamba hayo ya karanga nimwite kwa jina.

Apolonia


Kipatimu
1 Desemba 1948

Kwa mdogo wangu Apolonia,

Usiende Nachingwea. Nakusihi kwa jina la mama. Njia ni mbaya, na kuna homa.

Jina la yule mtu sikulishika.

Jifungue salama kwanza. Ukishajifungua niandikie upesi. Nina habari ya kukueleza, lakini nataka kwanza nijue wewe na mtoto mko salama. Mimi siumwi. Nimekonda tu.

Damiani


Mtanda, Lindi
6 Januari 1949

Kaka yangu mpenzi,

Ni mtoto wa kiume! Amezaliwa siku tatu baada ya Noeli, asubuhi, wakati kengele ya Misa inalia. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Vidole ni vya baba yake, virefu, nimevihesabu mara nyingi kama mtu asiyejua kuhesabu mpaka kumi.

Sasa sikiliza. Mama mkwe alitaka aitwe jina la baba wa Ignasi. Nilikataa. Nilisema mume wangu ametoka bila kuniaga, miezi sita haandiki. Aliyeniandikia ni kaka yangu. Aliyenitumia mbaazi na karanga ni kaka yangu. Salamu pekee nilizopata za mume wangu zilipita mkononi mwake. Kaka yangu ananyima mwili wake chakula, na sasa nimejua kwa nini, ingawa hukusema. Ni nadhiri kwa ajili yangu, nijifungue salama. Theresia alinieleza yote, usimgombeze. Mtu gani mwingine angefanya hivyo?

Kwa hiyo tumembatiza jana. Anaitwa Damiani.

Nadhiri yako imepokelewa, kaka. Mtoto ni mzima, mama ni mzima. Sasa chinja kuku ule, unifurahishe.

Na ile habari yako niambie. Niko tayari kwa lolote. Kama ana mke mwingine huko, niambie tu.

Mama Damiani


Kipatimu
20 Januari 1949

Apolonia,

Nilipofika kwenye jina la mtoto niliiweka barua chini. Siku mbili sikuweza kuichukua tena. Sasa nakuandikia, na nakuomba kabla hujaendelea umpe mama mkwe ampakate mtoto.

Hakukuwa na lori.

Tarehe saba ya mwezi wa saba tulishuka bondeni kutazama mninga, mimi na Ignasi. Nilichukua gobore kwa sababu nguruwe walikuwa wakichimba mihogo. Karibu na shamba tuliona nyayo mbichi. Nikamwambia, "Wewe kaa hapa kwenye kichuguu, usiondoke. Mimi nazungukia juu." Akakaa. Nikazunguka, nikangoja. Mihogo ikatikisika upande wangu wa chini, kitu kizito kinapita, kimeinama. Nikapiga.

Alikuwa yeye. Sijui kwa nini alitoka kwenye kichuguu. Labda aliwaona nguruwe akataka kuwaelekeza kwangu. Nimewinda miaka ishirini na miwili, na kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni usipige kisichoonekana. Alikufa upesi. Nilimzika mchana ule ule chini ya mninga mkubwa, pamoja na mfuko wake, nikapanga mawe juu. Nilisali sala za maziko kadiri ninavyozijua, na nyingi nilizikosea.

Nikaenda nyumbani. Theresia alikuwa amepika nyama ya nguruwe tuliyempata siku mbili kabla, ambaye Ignasi mwenyewe alinisaidia kumbeba. Alikuwa ametenga sahani tatu. Sahani ya Ignasi aliifunika kwa kawa. Nilinawa, nikakaa, nikachukua mnofu. Ndipo akauliza, "Shemeji yuko wapi?" Nyama iko mkononi mwangu. Sikuweza kuipeleka mdomoni, na kuirudisha sikuweza. Hapo ndipo neno la lori lilipotoka. Sikulifikiri, lilitoka lenyewe, na likishatoka likataka mwenzake, na mwenzake akataka mwingine.

Kuacha nyama hakukuwa nadhiri, Apolonia. Usinipe sifa hiyo. Mwanzo ni koo lililokataa. Baadaye nikaona kwamba ni kitu kimoja tu ninachoweza kukifanya kila siku ambacho si uongo, nikakishika.

Nilijiambia nitakueleza ukijifungua, kwa sababu mama yetu alipoteza mimba siku ya msiba wa baba, nami nilikuwepo nikaona. Hiyo ni sababu ya kweli, lakini kwa hiyo peke yake ningeweza kwenda kwa padre au bomani. Sababu ya pili ni woga.

Salamu zile nilizitunga mimi. Hakuna mtu aliyepita. Uliniandikia kwamba maneno ya kitanda yanakusumbua, nikataka yakutoke. Nikakumbuka jinsi Ignasi alivyokuwa akiongea, nikaandika.

Kesho naondoka kwenda bomani Kilwa kujieleza. Theresia nimemwambia leo asubuhi. Amekaa jikoni, moto umezimika, hajauwasha.

Mtoto mbadilishe jina.

Damiani


Mtanda, Lindi
19 Juni 1949

Damiani,

Miezi mitano imepita. Nilianza barua kumi na zaidi, nikazichoma zote.

Mwezi uliopita nilikwenda Matumbi na mtoto mgongoni. Theresia alinipeleka bondeni. Alikuja padre na katekista, wakabariki mahali pale, mawe tukayapanga upya, tukasimika msalaba. Theresia alilia kuliko mimi. Nilimwambia, "Wifi, inuka, jua linawaka." Sikuwa na machozi. Niliyamaliza hapa nyumbani, mama mkwe akinishika mikono nisijirarue uso. Yeye hatoki nje tena. Anakaa mlangoni na patasi ya zamani ya mwanawe mapajani, anaipaka mafuta isishike kutu.

Kesi yako nilisomewa. Miaka mitatu. Jaji alisema ni uzembe, na kumficha maiti. Nami nimejisemea kwamba ile risasi nitaweza kuisamehe siku moja. Hata Ignasi angeisamehe, alikuwa mtu wa hivyo. Lakini salamu, Damiani. Salamu zile nilizisoma kwa sauti. Mama yake alipiga vigelegele. Nilimwambia mtoto tumboni, umesikia baba yako. Miezi mitatu sikunyanyua ndoo kwa ajili ya neno la mtu aliye chini ya mawe. Ulinifanya nifurahi, na furaha hiyo ndiyo sijui niiweke wapi sasa.

Umefungwa hapa Lindi, karibu na kwangu kiasi kwamba wiki iliyopita niliwaona mnafyeka majani kando ya barabara ya bandarini. Wewe ulikuwa wa mwisho kwenye mstari. Hukuniona. Nilisimama na kikapu mpaka mkageuka kona. Askari mmoja wa gereza ni jirani yetu. Anasema siku ya nyama unampa mwenzako sahani yako, unakula maharage tu, na wafungwa wengine wanakuita mtakatifu.

Kula au usile, mimi halinihusu. Ila nikuambie kitu kimoja. Wewe ulipata cha kuacha. Ulikichagua, ukahesabu na siku zake, siku ya kumi na tatu, na mimi nikakuhesabia mpaka themanini. Mimi nilichoachishwa sikuulizwa, na siku zake hazihesabiki.

Mtoto sasa anaitwa Ignasi. Padre alisema jina la ubatizo halifutwi, kwenye kitabu cha kanisa ataendelea kuwa Damiani. Nyumbani hakuna anayelitamka.

Nimekuandikia kwa sababu ya jambo moja. Uliandika kwamba alikufa upesi. Upesi ni kiasi gani? Ulimkuta yu hai? Alisema nini? Alinitaja? Uliyekuwepo ni wewe peke yako, sina mwingine wa kumwuliza. Sitaki unifurahishe. Niandikie kilichotoka mdomoni mwake, hata kama ni neno moja, halafu usiniandikie tena mpaka nitakapokuandikia mimi.

Apolonia


Gereza, Lindi
3 Julai 1949

Kwa mdogo wangu Apolonia,

Naandika nilichokisikia, siongezi.

Haikuwa upesi kama nilivyosema. Nilipofika nilimkuta amekaa chini, ameegemea kisiki, mkono ameuweka ubavuni juu ya shati. Alikuwa hajajua. Nadhani alifikiri amejikwaa kwenye kisiki kile. Alinitazama akacheka kidogo, kama mtu aliyeanguka mbele ya watu akaona haya.

Akaniuliza, "Shemeji, umempata?"

Nikamwambia, "Nimempata."

Akasema, "Basi leo tutakula."

Halafu akaomba maji. Sikuwa nayo. Nilivua shati langu nimfunge, na nilipomaliza fundo alikuwa amekwenda.

Hayo ndiyo yote. Jina lako hakulitaja. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na askari amekwisha kuniuliza mara mbili kama nimemaliza. Ningeweza kuandika kwamba alilitaja. Najua alivyokuwa akiongea, na wewe ungeamini. Lakini hakulitaja, mdogo wangu.

Damiani